Ujira Usilale

Wapendwa katika Bwana, neno letu la juma hili ni Kumbukumbu la Torati 24:15, linaloagiza kwamba kibarua alipwe ujira wake siku ileile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia ujira huo. Nimelisoma nikimkumbuka John Simmons, mwanahisabati aliyesomea Cambridge akaajiriwa mwaka 1923 na J. Lyons & Co., kampuni ya London iliyojulikana kwa mikahawa yake ya chai na keki.

Simmons alisimamia ofisi za kampuni, na kilichomkera ni kuona makarani, watu wenye akili zao, wakijumlisha tarakimu kutwa nzima mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1947 maofisa wawili waliokuwa chini yake, Thompson na Standingford, walikwenda Marekani kutazama kazi za ofisi, wakarudi na habari za mashine za elektroniki. Yeye akazitetea mbele ya wakurugenzi, na hivyo waoka mikate wakajijengea kompyuta yao wenyewe, LEO, ambayo Novemba 1951 ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa zilizotoka kwenye tanuri zao.

Mimi hukaa zaidi kwenye habari ya mishahara. Karani mzoefu alihitaji kama dakika 8 kupata malipo ya mfanyakazi mmoja, yaani saa alizofanya kazi, kodi ya mapato, bima na makato mengine. LEO ilihitaji sekunde moja na nusu. Hata hivyo hawakuiachia kazi hiyo upesi. Kwa majuma kadhaa mashine na makarani walipiga hesabu zilezile sambamba, majibu yakalinganishwa, maana aliyekuwa akingoja bahasha yake ya juma alikuwa na pango la nyumba la kulipa, na watoto wake wasingeshiba kwa kuambiwa kwamba mtambo umekosea.

Uangalifu ule umenichoma. Dada anayetusaidia nyumbani hulipwa mwisho wa mwezi, na mwaka huu nimemwambia mara mbili asubiri kidogo, ilhali fedha zilikuwa kwenye simu yangu na kuzituma kungechukua muda mfupi kuliko kumweleza kwa nini asubiri. Nimemwomba Bwana msamaha, na leo kabla ya magharibi nitamwomba dada naye, nikiwa nimeshamtumia.