Siku niliyomuuliza mgeni kama nampendeza

Kiitaliano changu nilikiokota ufukweni Malindi, kama wenzangu wengi: ciao, quanto costa, andiamo. Kwa kuuza vinyago kilinitosha. Nilipopata kazi ya kuhudumu mezani kwenye mkahawa mmoja, ndipo nikajua nina maneno tu, lugha sina.

Mama mmoja wa makamo alikuwa anakula kamba wa kuchoma. Nikataka kumuuliza kama anawapenda. Nilijua "piace" ni mambo ya kupenda, na "piaccio" nilishaisikia mahali. Nikaona hiyo ndiyo yenye adabu. Nikainama kidogo: "Signora, ti piaccio?" Akaweka uma chini. Meza nzima ikaangua kicheko.

Mpishi wetu, mzee aliyewapikia Waitalia tangu ujana wake, akaniita kwenye dirisha la jikoni. "Mwanangu, umemuuliza kama wewe unampendeza."

Usiku ule nilichukua sentensi moja tu, "Mi piacciono i gamberi", nikaichambua kama anayetoa samaki miiba. Gamberi ni kamba wengi. Mmoja ni gambero. Ile "i" ya mbele, ambayo siku zote nilikuwa naimeza, ndiyo inayotangaza wingi: il gambero, i gamberi. Majina ya vitu katika Kiitaliano yana jinsia mbili, ya kiume na ya kike, basi. Sisi wa ki-vi na u-zi hatuna haki ya kulalamika.

Kilichonitesa ni "mi". Niliiona ni mimi, tena zinafanana kabisa! Kumbe mimi ni "io". "Mi" ni ile -ni- yetu ya katikati ya kitenzi. Hapo nikajipiga paja: kamba wananipendeza! Kitenzi hakimfuati mlaji, kinamfuata kamba. Wakiwa wengi, piacciono. Akiwa samaki mmoja, mi piace il pesce, samaki ananipendeza. Kitabu nilichoazima kilieleza kwa Kiingereza, na Kiingereza hapa kinapoteza watu, maana kinamtanguliza mlaji. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika na jambo ambalo bibi yangu hulisema kila akionyeshwa leso mpya: yanipendeza.

Na "piaccio" yangu je? Ni mimi ndiye ninayependeza. Aibu ikanirudia upya.

Matamshi nayo yana mtego. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nilisema "pia-CHO-no". Wao hukaza mwanzoni: "PYA-chono". Halafu "ti" ni ya rafiki au mtoto. Mgeni anayekuzidi umri huambiwa "Le", neno ambalo pia ni ile -m- yetu anapotajwa mwanamke, lakini kwa heshima hata mwanamume huambiwa hivyo hivyo. Nilichopaswa kusema ni "Le piacciono i gamberi?"

Yule mama alirudi baada ya siku chache, akaagiza kamba tena. Safari hii niliuliza sawasawa, akatabasamu. Alipomaliza akasema, "Mi sono piaciuti molto." Nikaganda na sahani mkononi. "Sono" niliijua kama "mimi ni", iweje yeye awe amependeza? Nikayatazama maganda sahanini, nikaisikia tena ile "-ti" ya mwisho, ya wingi. "Sono" ni ya "wao" vilevile. Waliompendeza sana ni kamba.

"Grazie, signora," nikamjibu, nikakimbilia jikoni kumwambia mzee.