Pipa Lina Bolti?

Mashine yetu ya kufulia haikufa ghafla. Ilituaga kwa muda mrefu. Ilianza kwa kunong'ona wakati wa kukamua, ikaja kukoroma, na wiki ya mwisho ilikuwa ikinguruma hadi mtoto wetu mdogo akawa anakimbilia chumbani akisema ndege inatua bafuni. Mimi nilijidanganya kwamba sakafu haiko sawa, nikasukuma kipande cha ubao chini ya mguu mmoja wa mashine. Kelele ikabaki vilevile, ubao ukaoza.

Fundi alipokuja hakugusa hata skrubu. Alifungua mlango, akashika pipa la ndani kwa mikono miwili, akalinyanyua na kulishusha. Likacheza. Akalizungusha taratibu, likakwaruza.

"Beringi, dada," akasema, yaani ile pete ya chuma yenye gololi inayolifanya pipa lizunguke laini.

Raba ya nyuma inayozuia maji ilikuwa imechoka, maji yakapenya, yakaosha grisi, kutu ikamaliza kazi. Nikamwambia basi si neno, tununue beringi nyingine. Ndipo alipofungua mfuniko wa nyuma akanionyesha pipa la nje, lile la plastiki linaloshika maji. Ni nusu mbili zilizoyeyushiwa pamoja kiwandani. Hakuna bolti, hakuna klipu. Ukitaka kuifikia beringi, ukate kwa msumeno, na ukishakata, kulifunga lisivuje ni bahati nasibu. Au ununue pipa zima, ambalo bei yake haiko mbali na ya mashine mpya. Kumbe kitu kidogo kinachotosha kiganjani ndicho kilichoua mashine ya miaka 6 yenye mota nzima kabisa.

Kwa hiyo nilianza kutafuta mashine mpya nikiwa na swali moja tu kichwani: pipa lina bolti au limeyeyushwa? Kijana wa dukani nilipomuuliza alinitazama kama nimemuuliza jina la babu yake, kisha akanionyesha jinsi mashine inavyounganishwa na simu. Nikamuuliza tena. Akaniambia ina programu 16. Katika miaka 6 mimi nimetumia mbili: pamba, na ile ya haraka. Jibu la swali langu nililipata kwa fundi yuleyule, ambaye ameshafungua nyingi na anajua zipi zinafunguka.

Nyumbani nako kulikuwa na mjadala wa ukubwa. Mume wangu alitaka ya kilo 10, sababu yake ikiwa blanketi zito ambalo tunalifua mara mbili kwa mwaka. Sikutaka kubishana, nikachukua ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia mizigo ya safari na kwa wiki mbili nikawa napima kila mfuo kabla haujaingia. Kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu, watu wengi hilo hawalijui. Jinzi yangu ilikuwa na gramu 700, taulo kubwa 600, fulana kama 150. Mfuo wetu mzito kuliko yote ulifika kilo 4.6. Na hata hizo kilo kubwa za kwenye kibandiko ni za programu ya pamba peke yake. Kwa nguo za nailoni na polista ni karibu nusu yake, na za sufi mara nyingi ni kilo 2 tu. Nilimwekea mume wangu karatasi ya vipimo mezani. Aliisoma, akasema, "Na blanketi?" Blanketi litapelekwa kwa dobi. Tukakubaliana kilo 7.

Sasa maji. Hapa ndipo nilipojiona mjinga kwelikweli.

Mashine ya zamani tangu siku ya kwanza ilikuwa inajaa polepole, na mara moja moja inasimama na kuonyesha alama ya kosa. Nimewahi kusafisha kile kichujio kidogo cha mpira wa kuingizia maji mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Valvu niliibadilisha. Sikuwahi kusoma ukurasa wa vipimo kwenye kijitabu chake. Safari hii nilikitoa kabatini, kikiwa bado kwenye plastiki yake, na kulikuwa na mstari mmoja: presha ya maji isipungue 0.05 MPa (MPa, megapaskali, ni kipimo cha presha). Sisi maji yetu yanashuka kutoka kwenye tanki la juu. Maji yakisimama wima mita 10 yanatoa takriban 0.1 MPa, kwa hiyo 0.05 inataka mita 5. Nikashusha kamba kutoka kitako cha tanki hadi kwenye bomba la mashine: mita 3.4. Hata tanki likijaa, maji ndani yake yanaongeza mita moja tu. Yaani kwa miaka 6 nilikuwa naidai mashine kazi ambayo nyumba yangu haikuipa nafasi ya kuifanya, na nikiitukana juu yake.

Ningeweza kufunga pampu ndogo. Lakini pampu ni kelele nyingine, na ni kitu kingine cha kuharibika. Nikaamua kutafuta mashine ambayo kijitabu chake kinasema 0.03 MPa, na zipo, ila lazima uombe kukisoma kabla ya kulipa.

Dada yangu alinishauri ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Sitaidharau. Unaijaza hata kwa ndoo, presha haikuhusu, vitufe vyake ni vya kuzungusha kwa mkono, na fundi yeyote anaiweza. Kama maji nyumbani kwako ni ya kuchota, acha kusoma hapa ukanunue hiyo. Mimi shida yangu ni kwamba lazima usimame nayo: uhamishe nguo, ukamue, urudishe kwenye kusuuza, ukamue tena. Ninafua huku nafanya mambo mengine, nikikaa na mashine nitasahau chungu jikoni. Ya kufungulia juu isiyohitaji kuhamisha nguo nayo niliiangalia, lakini kwa kawaida zinakunywa maji mengi kuliko za mlango wa mbele, na tanki langu si bahari.

Kasi ya kukamua nilichukua mizunguko 1,200 kwa dakika. Umeme mwingi hauendi kwenye mota kama nilivyodhani, unaliwa na hita, ambayo kwenye mashine za aina hii ni kama wati 2,000. Kwa hiyo nafua kwa nyuzi 30, na mara moja moja 60 kwa mataulo.

Siku ilipoletwa, mlango wa bafu una sentimita 64 na mashine 60, mikono ya wabebaji ndiyo iliyopata taabu. Wakataka kuiwasha papo hapo. Nikawazuia, kwa sababu nyuma kulikuwa na bolti nne zinazoshikilia pipa lisitikisike safarini, na ukiwasha bila kuzitoa mashine itatembea chumba kizima na kujivunja. Nilizitoa mwenyewe. Zimo kwenye mfuko, kabatini, pamoja na kijitabu, ambacho sasa hakina plastiki.

Mama mkwe, ambaye amefua kwa mikono maisha yake yote, alivuta kiti akakaa mbele ya kioo. Mfuo wa kwanza wa nguo ulianza. Nguo zilikuwa zinapanda juu kidogo na kuanguka, zinapanda na kuanguka, maji yenyewe huyaoni.

"Mwanangu," akaniita, "hii inafua au inabembeleza?"

Nikamweleza kwamba ule mwanguko ndio unaofua. Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama hadi ikaanza kukamua. Kola za mashati ya mwanawe bado anazisugua kwa mkono kabla hajaniruhusu kuzitia.