Zahanati Iliyokamilika Vitabuni

Mwaka wa fedha 2016/17 ulipofungwa nilikuwa mkaguzi wa ndani katika halmashauri moja ya manispaa nchini Tanzania. Taarifa ya utekelezaji wa bajeti iliyowasilishwa kwenye Kamati ya Fedha ilionesha kwamba ruzuku ya Serikali Kuu ya kukamilisha boma la zahanati katika mojawapo ya kata zetu, shilingi milioni 40, ilikuwa imetumika yote. Diwani wa kata hiyo alimwacha mweka hazina amalize kusoma, kisha akasema kwa utulivu, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimetoka kule asubuhi hii. Boma halina hata kenchi." Nikaagizwa kufuatilia.

Nilianzia benki. Taarifa ya akaunti ya maendeleo ilionesha kwamba fedha iliingia Juni na kutoka tarehe 29 mwezi huohuo kwa hundi moja. Hati ya malipo ilikuwa imejazwa kwa unadhifu kuliko nyingi nilizozoea kukagua, kasma (fungu la bajeti linalotozwa malipo) sahihi na saini zote mahali pake. Ila penye jina la mlipwaji, ambapo nilitarajia kumkuta fundi au muuza vifaa, paliandikwa Mkurugenzi wa Manispaa, na chini yake, kwa kalamu ya wino wa bluu, "Akaunti ya Amana". Halmashauri ilikuwa imejilipa yenyewe. Kwa kuwa hati ilipitishwa katika kasma ya zahanati, Epicor, mfumo wa kompyuta tuliotumia kutunza hesabu, uliisoma kama matumizi, na taarifa ikatoka na asilimia 100.

Akaunti ya Amana hutunza fedha zinazosubiri wenyewe, kama vile dhamana za wakandarasi. Mhasibu aliyeisimamia hakunificha kitu. "Kaka, kila Juni naletewa fedha za kulala," aliniambia. "Mimi napokea tu." Rejesta yake ilikuwa na tarehe, namba ya stakabadhi na kiasi, lakini haikuonesha fedha ilikuwa ya mradi gani, na fedha ikishaingia huko bila jina huwa kama maji yaliyomwagwa kisimani. Ilinibidi nipitie hundi moja baada ya nyingine tangu Julai: mafuta ya magari, posho za kikao, chakula cha wageni. Kwa hesabu niliyoweza kuitetea, milioni 11 zilikuwa zimekopwa kwa shughuli hizo na 29 zilikuwa bado zipo.

Mweka hazina hakukana. Alinieleza kwamba kama angeiacha fedha ile katika akaunti ya maendeleo hadi mwaka ufungwe, Hazina ingeichukua, na wananchi waliojitolea nguvu zao kuinua boma wangemuuliza yeye. Nilimwelewa, kwa maana fedha inayoletwa mwaka ukikaribia kwisha haiwezi kununua na kujenga kabla ya tarehe 30 Juni. Lakini kanuni za Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 zilikwisha kuliona jambo hilo, zikamtaka afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, aijulishe Hazina mapema iwapo fedha za maendeleo hazitatumika zote. Barua hiyo haikuandikwa na mtu yeyote. Tena, hofu ya kunyang'anywa ingeweza kueleza kwa nini fedha ilihamishwa. Haikueleza mafuta ya magari.

Kamati iliagiza milioni 29 zirudishwe kwenye mradi, 11 zilipwe kutoka mapato ya ndani, na hesabu zirekebishwe kabla ya kupelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mwishoni mwa Septemba, ili kilichoitwa matumizi kisomeke kuwa bakaa, yaani fedha iliyobaki bila kutumika. Mweka hazina aliniomba nitaje katika taarifa yangu kwamba fedha ilichelewa kufika. Nilitaja, nikaambatisha na karatasi ya benki, kwa kuwa ilikuwa kweli. Deni la mapato ya ndani lililipwa kwa kudonoadonoa, na sehemu ya mwisho ilitoka Juni ya mwaka uliofuata, jambo lililonifanya niombe hati yake siku hiyohiyo. Mlipwaji alikuwa muuza mabati, na kesho yake nikaenda kuyahesabu.