Ganda la kitunguu, shabu na tochi ya kukagulia noti

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma mjini. Wanafunzi wangu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) walisikia kwamba watafiti huiona kalsiamu ikipanda na kushuka ndani ya seli iliyo hai, wakaniuliza inaonekanaje wakati haina rangi. Niliwajibu kwamba kuna molekuli zinazoundwa makusudi, zikiikamata ioni fulani zinang'aa chini ya darubini. Waliandika, lakini niliona hawajaelewa kitu. Darubini ya namna hiyo hatuna, na kemikali zenyewe huuzwa kwa miligramu. Nikaona bora nitafute kitambuzi cha metali kinachopatikana sokoni.

Kipo kwenye ganda kavu la nje la kitunguu maji. Ganda hilo lina kwasetini, rangi ya asili ya mimea, ambayo peke yake hung'aa kidogo sana, ila ikiikamata ioni ya alumini hutoa mwanga wa kijani-njano. Wazo si langu. Mwaka 1867 mkemia Friedrich Goppelsröder alipima alumini kwa morini, ndugu wa karibu wa kwasetini. Alumini niliipata kwenye shabu, ile ile tunayotulizia tope la maji. Tochi ni ya zambarau ya kukagulia noti, nimeinunua soko la Mwanga hapa mjini.

Maganda niliyaloweka kwenye spiriti usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa, nikagawa kwenye vichupa vya kioo. Madirisha ya maabara tuliyaziba kwa vitenge. Mwalimu utakayejaribu, jihadhari na mashati ya sare: sabuni za unga zina kemikali za kung'arisha zinazowaka buluu chini ya tochi hiyo, na kipindi kinaweza kuishia kwenye kuchekana. Karatasi nyeupe nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo vichupa viweke juu ya kitambaa cheusi. Na tochi isielekezwe machoni mwa mtu.

Tone la maji ya shabu lilipoingia, kichupa kikawaka.

"Mwalimu, ni kama karabai za ziwani," kijana mmoja akasema. "Dagaa wanaufuata mwanga."

"Hapana. Hapa dagaa ndiye anayewasha taa."

Chumvi ya mezani haikuwasha kitu. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ulifanya kinyume kabisa: tone lake kwenye kichupa kinachowaka likakizima. Ioni ya shaba ina elektroni isiyo na mwenzake, nayo huinyang'anya molekuli nishati kabla haijatoka kama mwanga. Zinki haina tabia hiyo kwa sababu obitali zake za d, yaani nafasi za elektroni, zimejaa. Ndiyo maana watafiti wamepata kwa urahisi zaidi vitambuzi vinavyowaka kwa zinki kuliko vya shaba.

Kilichonifurahisha zaidi hata sikukipanga. Binti mmoja alikuja na maji ya ziwa kutoka Kibirizi, akayatia kwenye kichupa kisicho na shabu. Rangi ikageuka njano iliyokolea, baadaye ikaelekea hudhurungi. Darasa likashangilia kwamba ziwa lina metali. Metali zimo kweli, tena Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, lakini maji yake pia ni ya alikali, pH karibu na 9. Nikawaambia wachukue maji safi, watie magadi kidogo, wamimine kwenye kichupa kingine. Rangi ikageuka vile vile. Kwasetini ilikuwa imepoteza protoni tu, hakuna metali iliyohusika.

Basi hapo nikapata pa kumwingizia Roger Tsien, mwanasayansi aliyebuni vitambuzi vya kalsiamu. Alipokuwa Cambridge alikuwa na tatizo la binti yule. Kulikuwa na molekuli iitwayo EGTA inayoikamata kalsiamu na kuiacha magnesiamu, lakini nguvu yake ilibadilika sana pH ikiyumba kidogo. Akaibadilisha kwa kuunganisha naitrojeni zake na pete za benzini, ikawa BAPTA, aliyoitangaza mwaka 1980. Hii haijali sana pH ya kawaida ya seli. Kuichagua kalsiamu si mchezo: ndani ya seli iliyotulia kuna takriban nanomola 100 tu, nje yake ni kama mara elfu kumi zaidi, huku magnesiamu imejaa ndani.

Kuiingiza ndani alikutatua mwaka 1981. Molekuli yenye chaji nyingi haipiti kwenye utando wa seli, kwa hiyo chaji zikafunikwa kwa esta, yaani vikundi visivyo na chaji. Ikishapita, vimeng'enya vya seli hukata esta hizo, chaji zinarudi, na molekuli haitoki tena. Hakuna haja ya kuitoboa seli.

Betri za tochi nazo zilitusaidia. Zilipoanza kuchoka, kichupa cha shabu kilififia, na mmoja akaandika kwenye daftari lake kwamba alumini imepungua. Nikambadilishia betri bila kusema neno, akafuta. Fura-2, kitambuzi cha kalsiamu ambacho kundi la Tsien lilitoa mwaka 1985, ililikwepa tatizo hilo kwa kumulikwa kwa mawimbi mawili, nanomita 340 na 380. Kalsiamu ikiingia, mng'ao wa la kwanza hupanda na wa la pili hushuka. Ukigawanya mmoja kwa mwingine, hata taa ikififia jibu ni lile lile. Tsien alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008, ingawa hiyo ilikuwa ya protini ya kijani ya kiwavuwavu.

Tulipokuwa tunafungua vitenge, kijana wa nyuma ambaye huwa haulizi kitu akasema, "Mwalimu, kitambuzi kikishaikamata kalsiamu, si seli inabaki na pungufu?" Ni kweli, na kitambuzi cha mwanzo cha Tsien, quin-2, kilikuwa na kasoro hiyo hasa. Kilihitajika kwa wingi ndipo kionekane, hivyo kikawa kinazimeza zile kalsiamu kilichotumwa kuzihesabu. Fura-2 hung'aa hadi mara 30 zaidi, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha. Nilimwachia yeye akokotoe nyumbani ni asilimia ngapi ya alumini ya kichupa chetu iliyokamatwa na kwasetini, na bado ananidai uzito wa maganda.