Siku moja maishani mwangu: milioni 42 na kambare mmoja

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nafungua jedwali. Kazi yangu ni kushika hesabu za ujenzi wa maonyesho ya makumbusho: msanifu anachora, mafundi wanakata, mimi naulizwa hela imebaki ngapi. Sasa hivi tunajenga, hapa Mwanza, maonyesho ya uvuvi wa ziwa letu, mita za mraba 60, bajeti shilingi milioni 42. Laki saba kwa kila mita ya mraba. Ukisikia milioni 42 unadhani ni nyingi, ukisikia laki saba unaanza kukuna kichwa.

Fungu la dharura lilianza na 4,200,000, asilimia 10 ya bajeti. Leo lina 1,150,000, na ufunguzi ni baada ya wiki tatu. Hakuna aliyeiba. Zimeliwa na "hebu tusogeze kidogo." Kabati likiwa kwenye karatasi, kulisogeza ni kazi ya raba. Likishachomelewa, unakata chuma, unapiga rangi upya, na fundi umeme anarudi kuvuta waya mwingine.

Saa 2 asubuhi. Karakana, Nyakato. Fundi seremala ana wazo.

"Dada, ndani ya kabati tuweke MDF. Tunaokoa laki tatu na nusu."

"Ndani ya kabati hapana, fundi."

"Kwani nani ataiona?"

Hakuna atakayeiona, lakini MDF, ule ubao wa unga wa mbao na gundi, hutoa mvuke wenye asidi, na kabati likifungwa mvuke hauna pa kwenda. Mle tutaweka ndoana za zamani na karabai. Chuma na shaba vitachakaa huku tunavitazama. Tumekubaliana MDF ikae kwenye kuta za nje zenye maandishi, ndani libaki fremu la aluminiamu. Fundi kanuna kidogo, kisha kaomba awamu ya pili ya malipo. Kwangu ni nusu mwanzo, asilimia 30 kazi ikisimama, 20 baada ya kukabidhi. Nimekagua, imesimama, nimelipa.

Saa 4. Ankara ya vioo: 2,600,000. Nimeuliza kabla ya kufurahi: na VAT? "Bila VAT." Ongeza asilimia 18, yaani 468,000. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku hizi jedwali langu lina safu ya kodi.

Saa 6 mchana. Mzee mmoja mvuvi mstaafu ameleta karabai yake anayotuazima. "Mwadila," kanisalimu kwa Kisukuma, nami nikaitikia, nikaongeza shikamoo. Tumejaza fomu ya kuazima: hali ya kitu, thamani yake, tarehe ya kurudisha. Akanisimulia walivyokuwa wakivutia dagaa kwa mwanga wa taa ile usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka wanakaa nchi kavu kushona nyavu. Sasa vijana wanatumia taa za sola.

Kisha akasimama mbele ya bango la samaki, lililofika jana kutoka kwa mchapaji. Kimya kirefu.

"Mwanangu, huyu mmemwandika kambare?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndevu zake ziko wapi?"

Nilitazama. Hana ndevu. Ana mapezi membamba kama kamba. Ni kamongo, yule anayepumua kwa mapafu na kujichimbia kwenye tope ziwa likikauka. Chini yake, kwa Kiswahili, Kisukuma na Kiingereza, tumeeleza ndevu za kambare kwa ufasaha mkubwa.

Kosa ni langu. Mwezi uliopita niliufuta mstari wa wazee watatu wa kupitia maandishi kabla ya kuchapa, elfu 20 kila mmoja. Niliona nimeokoa elfu 60, hata nilijisifu kwenye kikao.

Saa 8. Hesabu. Kuchapa bango zima upya ni 210,000. Stika ya kufunika ni 15,000, ila taa ya pembeni ikiwaka, kingo zake zinaonekana kama kiraka cha suruali. Nimezunguka na kikombe cha chai mpaka nikakumbuka kwamba maneno yetu ni sahihi, kilichokosewa ni picha. Basi tunachapa picha ya kambare kwenye kibao kidogo, tunakiinua sentimita moja juu ya ile ya zamani, kinaonekana kama tulikusudia. 45,000. Nimeurudisha na mstari wa wazee kwa mabango yaliyobaki, 60,000. Dharura: 1,045,000.

(Ukienda Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Jengo lenyewe linaeleza, bila bango. Huwa nawaonea wivu.)

Saa 10. Kupima mwanga juu ya tanga kuukuu: lux 80. Kitambaa kinataka 50. Tumepunguza taa, bure kabisa. Bajeti ilipumua.

Saa 12 jioni. Picha ya kambare hatuna. Nimempigia mpiga picha wetu tukutane alfajiri mwaloni Kirumba, na mama mmoja muuza samaki ameahidi kuniwekea mzima, mwenye ndevu zote. Elfu nane. Mhasibu kauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nimemwambia aandae vocha ya mkono, na kwamba kambare mwenyewe, baada ya kupigwa picha, atapelekwa karakana kwa mama ntilie wa mafundi.