Siku Barabara Ilipofungwa Kupisha Roketi

Nilidhani kitu nitakachokikumbuka Florida ni bei. Barabara ya kutoka Orlando kwenda pwani ni ya kulipia, tena si mara moja. Unalipa, unakwenda kidogo, unalipa tena. Ukifika Kituo cha Anga cha Kennedy, maegesho ni dola 15 kabla hata hujashusha mguu. Tiketi ni zaidi ya dola 70 kwa mtu mzima. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, aliibadilisha kila bei kuwa shilingi za Kenya kwa sauti ya juu, mpaka nikamwomba anihurumie.

Siku zangu za Orlando sina la kuzisimulia. Nililala, nikala, nikatembezwa madukani. Nilichokifuata Marekani mimi mtu wa Malindi ni kuona mahali roketi zinaporushiwa, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Ndani ya tiketi mna ziara ya basi. Dereva ndiye pia mwongozaji: anaendesha huku akizungumza kwenye kipaza sauti. Tulipita mitaro yenye mamba waliolala kama magogo, tukapita jengo la kuunganishia roketi lenye urefu wa mita 160, ambalo picha hailiwezi. Kisha tukakuta taa za buluu zikimetameta mbele yetu. Barabara imefungwa. Dereva akazima injini, na pamoja nayo kiyoyozi.

Kilichofunga barabara kilichukua muda mrefu kutokea. Lilikuwa bomba jeupe lililopakwa masizi, limelazwa juu ya lori refu lenye magurudumu nisiyoweza kuyahesabu, likienda polepole na askari mbele na nyuma. Ni sehemu ya chini ya roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, iliyokwisha kwenda na kurudi, sasa inapelekwa kusafishwa ili iende tena. Watu walisimama kupiga picha. Lori likapita. Sisi tukabaki palepale, kwa sababu ambayo hakuna aliyetueleza, zaidi ya saa nzima, jua likitupika kupitia vioo.

Dereva, ili watu wasianze kunung'unika, akanyoosha kidole kwenye mnara wa mbali upande wa baharini. Akasema ule ndio mnara waliopanda Armstrong na wenzake kwenda mwezini tarehe 16 Julai 1969.

"Si kweli," ikasema sauti nyuma ya kiti changu.

Nikageuka. Mzee mwembamba, kofia yenye picha ya Shuttle, kile chombo cha zamani cha kupeleka watu angani, mikono ya mtu aliyeshika spana maisha yake yote. Akasema yeye alikuwa fundi wa mabomba pale, mabomba ya oksijeni na haidrojeni ya kimiminika, mpaka Shuttle ya mwisho ilipoondoka tarehe 8 Julai 2011. Kisha wakaachishwa kazi yeye na maelfu ya wenzake. Siku ile alikuwa amemleta mjukuu wake, na mjukuu alikuwa na aibu tele.

Kwa maelezo yake, enzi za Apollo, zile safari za mwezini, kituo cha kurushia cha 39A, penye mnara ule, hakikuwa na mnara wa kudumu wa kumpandisha mtu kwenye chombo. Roketi ya Saturn V ilisimamishwa ndani ya lile jengo kubwa juu ya jukwaa la chuma, na mnara wake ukiwa juu ya jukwaa hilohilo. Vyote vikabebwa kwa pamoja na gari la minyororo lenye uzito wa takriban tani 2,700, likitambaa mwendo usiofika kilomita 2 kwa saa mpaka kituoni. Apollo ilipokwisha, majukwaa yalikuwa matatu. Minara ya mawili ilikatwa, vipande vya juu vikasimikwa kwa kudumu, kimoja 39A na kingine kituo jirani cha 39B, vitumike na Shuttle. Wa tatu, ambao ndio hasa wa Armstrong, uliwekwa miaka na miaka na mwisho ukaishia kuwa chuma chakavu.

Dereva alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini handaki la kupitishia moto wa roketi ni lilelile."

"Hapo sawa," akajibu mzee, na basi zima likacheka.

Basi ikawa wawili hao wanagombea kipaza sauti bila kipaza sauti. Dereva alikuwa kijana anayewapenda hawa wapya wa SpaceX. Mzee alikuwa bado na kinyongo. Mimi nilikuwa katikati, nimetoka kulalamikia joto nimeanza kuandika nyuma ya tiketi.

Aprili 2014 kampuni ya SpaceX ilikodi 39A kwa miaka 20. Dereva akalieleza hilo kama mtu anayetangaza harusi. Mzee akauliza: wakakuta nini? Wakakuta kilima cha zege kinachobeba uzito wowote utakaoleta. Wakakuta handaki la kupitishia moto, maji ya kumwaga ili kishindo kisiipasue roketi yenyewe, tangi la duara la oksijeni, umeme, barabara, na bahari mashariki ambako kitu kikianguka hakimwangukii mtu. Hivyo vyote hawakuvijenga. Walichokijenga ni banda refu chini ya kilima, kwa kuwa Falcon huunganishwa ikiwa imelala, kisha husukumwa juu kwa reli na kuinuliwa ikifika. Na banda hilo, akasema mzee akigonga kiti changu kwa kila neno, wamelisimamisha juu ya njia ya gari la minyororo. Gari lile haliwezi tena kufika 39A.

"Kwani linahitajika kufika?" akauliza dereva.

Mzee hakumjibu. Akageukia kitu kingine, na hapo ndipo nilipoona kinachomuuma. Pembeni mwa mnara kulikuwa na jengo zima la chuma lililozunguka kwenye bawaba kama mlango, linakuja kuikumbatia Shuttle ili mizigo ipakiwe bila kupigwa na mvua wala chumvi. Yeye mabomba yake mengi yalipita mle. Falcon hailihitaji, mzigo wake hufungwa bandani. Kwa muda liliachwa limesimama tu, roketi mpya zikaanza kuondoka kando yake tangu tarehe 19 Februari 2017, huku mafundi wakilikata kipande kwa kipande katikati ya safari moja na nyingine. Akasema afadhali lingelipuliwa mara moja kama mnara wa roketi za Titan kwenye kituo cha 40, Aprili 2008, likaanguka likaisha. Hili alilitazama likipungua kutoka ng'ambo ya mto, Titusville, kila alipokwenda kuvua samaki.

Mjukuu akasema, "Babu, basi." Babu hakusikia.

Nilimuuliza kuhusu 39B, inayoonekana tupu kabisa, nguzo tatu tu za kukinga radi, karibu mita 180 kila moja. Akachekelea. Kule wenyewe serikali waling'oa kila kitu, mnara na lile jengo la kuzunguka, pakabaki peupe. Kwa nini? Kwa sababu roketi mpya ya serikali, SLS, inakuja na mnara wake mgongoni, juu ya jukwaa, juu ya gari lilelile la minyororo la miaka ya 1960 lililoongezewa nguvu. Yaani baada ya kukata minara na kuisimika, wameing'oa na kurudia mtindo wa Apollo. Na jukwaa lenyewe lilijengwa kwa ajili ya roketi nyembamba ya Ares I, mradi ukafutwa, ikabidi kulifumua na kulikaza libebe roketi nzito zaidi ya maradufu. Zaidi ya dola milioni 200 zilikwishatumika kabla ya kufumuliwa. Handaki lilitandikwa matofali mapya ya kuhimili moto, karibu laki moja, na likawekwa tangi jipya la haidrojeni la lita milioni 4.7 kando ya lile la zamani la milioni 3.2. Na bado, safari ya kwanza ya SLS, Artemis I, ilipoondoka tarehe 16 Novemba 2022, kishindo chake kiling'oa milango ya lifti ya mnara.

Hapo ndipo kitu kilipokaa sawa kichwani mwangu. Nilikuja nikidhani kituo cha roketi ni mnara, kwa kuwa mnara ndio unaoonekana kwenye picha. Kumbe mnara ndio wa kwanza kutupwa. Watu hawa hununua nyumba ya zamani kwa ajili ya kisima, kuta wanazivunja siku ya pili.

Basi nikamwambia mzee kwamba kwetu pia kipo kituo. Akadhani namtania. Nikamweleza Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kupita mashamba ya chumvi: majukwaa ya San Marco na Santa Rita, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Waitaliano ndio walioyaleta, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi 9 za Scout ziliondokea pale, zote zikafika. Moja, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, ilibeba setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, wakaiita Uhuru. Utotoni wavuvi walikuwa wakitaja San Marco kama wanavyotaja mwamba au mkondo, alama ya kujua umefika wapi. Tangu Machi 1988 hakujaondoka kitu. Upande wa nchi kavu antena bado zinafanya kazi ya kuwasiliana na setilaiti. Majukwaa yanaliwa na kutu.

"Mko nyuzi ngapi kutoka ikweta?" akauliza.

Karibu 3, nikamwambia. Akapiga mluzi. Kennedy wako 28 na nusu. Dunia kwenu, akasema, kwa kuzunguka kwake inawasukuma kwa mita 464 kila sekunde mkirusha kuelekea mashariki. Sisi hapa inatupa 409 tu. Kisha, fundi ni fundi, akaanza kuhoji. Scout ilikuwa ya mafuta magumu, mita 23 hivi, haihitaji mabomba. Roketi ya leo inataka oksijeni ya kimiminika, mtaileta kwa mashua? Umeme wa laini gani? Miguu ile nani aliipima mara ya mwisho? Njia ya lori la mita 40 ipo? Niliyajua ya barabara tu, na jibu lake halikumfurahisha.

Mpwa wangu, ambaye nilidhani amelala, akafungua jicho: "Mjomba, mwambie na Taifa-1." Nikamwambia. Setilaiti yetu ya Taifa-1 iliondoka tarehe 15 Aprili 2023 kwa Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, kwenye kituo kilichokuwa cha roketi za Atlas, kikawa cha Titan, kikageuzwa tena. Mzee akaangua kicheko, akasema, "Hata yenu mmeipitishia kwenye mitumba yetu!" Sikucheka sana.

Njia ikafunguliwa. Dereva akawasha injini na kiyoyozi, akamshukuru mzee kwenye kipaza sauti, kwa moyo kabisa nadhani, halafu akarudia maneno yake yaleyale kuhusu mnara wa Armstrong kwa sababu kaseti ya kichwa chake haikuwa na maneno mengine.

Kesho yake tulikwenda ufuo wa Playalinda, ambako 39B inaonekana karibu kuliko kwenye basi. Langoni ni dola 25 kwa gari, na mpwa wangu akaanza tena hesabu zake. Atakayekwenda aulize kwanza: baadhi ya siku za kurusha roketi ufuo huwa unafungwa. Abebe maji yake, na dawa ya mbu kuanzia alasiri. Sehemu nzuri ya kutazama ni maegesho ya mwanzo upande wa kusini. Ukienda kaskazini zaidi unajiongezea umbali bure.