Kalangu kwanza, biti baadaye: nilivyorekodi rap ya Kihausa mjini Kano

Ushauri wa kwanza niliopewa Kano, kaskazini mwa Nigeria, ulitoka kwa prodyuza mmoja mwenye jina lake mjini, na mpaka leo unaniudhi. "Anti, usihangaike na wazee. Kata sekunde nne za kalangu kwenye rekodi ya zamani, zizungushe, ziweke chini ya biti, kijana arap. Nani atajua?"

Nani atajua! Kalangu ni ngoma ya Wahausa ya kubana kwapani, na Kano hata muuza nyama choma anaijua kalangu inayosema na kalangu inayopiga kelele tu. Kihausa kina toni. Silabi hupanda, hushuka, au huanzia juu ikateremka, na mpiga kalangu huzifuata toni hizo kwa kubana kamba za ngoma kwapani huku akiigonga kwa kijiti kilichopinda. Anayeelewa husikia maneno. Ukikata sekunde nne na kuzizungusha wimbo mzima, umemkatiza mzee katikati ya sentensi na kumlazimisha arudie nusu neno mpaka mwisho. Halafu vijana wanashangaa kwa nini baba zao wanazima redio.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi ya sauti nimejifunzia kwenye studio za bongo fleva, na Kano nilifika kwa kumfuata mume wangu aliyepata kazi ya kufundisha. Nikafungua chumba cha nyuma ya nyumba, magodoro ukutani, zulia chini, narekodi matangazo ya biashara na michezo ya redio. Vijana wa mtaa wakasikia, wakaanza kuja. Rap wanaijua vizuri. Wamekua wakitazama kipindi cha H Hip Hop cha Arewa24, televisheni ya Kihausa iliyoanza 2014, wanawasikiliza ClassiQ wa Bauchi na DJ AB wa Kaduna, na habari za Ziriums wanazo pia, aliyerap Kihausa Kano hii hii wakati bodi ya jimbo ya kukagua filamu na nyimbo, iliyoundwa 2001, ilikuwa imekaza kamba. Walichokuja kutafuta kwangu ni ile sauti wanayoisikia harusini na siku ya Sallah, yaani Idi, iingie kwenye wimbo wao bila kuonekana imebandikwa.

Kuna jambo ambalo lazima mgeni alijue kabla hajagusa maikrofoni. Kwa Wahausa, muziki wa kusifu watu ni kazi yenye ukoo wake, na anayeifanya huitwa maroki. Watu humpenda maroki, humtunza fedha, lakini si kila baba anataka mwanawe awe maroki. Kwa hiyo kijana wa rap anaogopa kuitwa maroki, na mzee wa kalangu anaona rap ni kelele za watu wasio na mwalimu. Ukiwakutanisha bila kulisema hilo, kikao kinakufa kabla ya chai. Mimi nililisema waziwazi mbele ya wote wawili. Nikawaambia kwamba yule wa zamani alitunga papo hapo mbele ya watu, kwa ulimi wake mwenyewe, akaitikiwa na kundi, na huyu wa sasa anafanya hivyo hivyo. Nikamtaja Mamman Shata, aliyefariki 1999, bingwa wa kutunga hapo kwa hapo huku kalangu zikimsindikiza na waitikiaji, 'yan amshi, wakimjibu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kijana akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitosha.

Mzee mwenyewe nilimpata kupitia wachinjaji. Kalangu tangu zamani ni ngoma ya wachinjaji, basi nilikwenda sokoni kwenye mabucha nikauliza, nikaelekezwa. Nilipeleka goro, zile mbegu za kola za kutafuna, maana huendi kwa mtu mzima mikono mitupu, nikamwita Baba, nikamweleza malipo kabla hajauliza. Ukikuta anayekwambia wazee wa kalangu ni wagumu, muulize alikwenda na nini.

Sasa nieleze siku ya kwanza ya kurekodi, kwa sababu ndipo ushauri mwingine mbovu ulipojionyesha. Kila mtu alikuwa ameniambia: mzee avae hedifoni, umpigie klik, ule mlio wa kompyuta wa kushika mwendo, mapigo 92 kwa dakika, afuate. Nikaona tujaribu, wasije wakasema sikuwasikiliza. Baba akavaa hedifoni juu ya kofia yake. Akapiga kidogo, akasimama. Akapiga tena, akasimama. Mwishowe akazivua, akaziangalia, akaniuliza kwa utulivu kabisa: "Binti, huyu anayegonga humu ndani ni nani? Mimi nasema naye, yeye hanisikilizi."

Alikuwa amemaliza kila kitu. Kalangu ni mazungumzo. Mpigaji humtazama anayesifiwa, huona uso wake umefurahi, mwendo ukaongezeka. Huona mtu anafikiri, mwendo ukapungua. Klik haina uso. Ukimfunga kwenye klik utapata mapigo safi yasiyosema chochote, na kwa hayo kweli heri ukate sekunde nne za yule prodyuza.

Nikazima klik nikageuza kazi nzima juu chini. Kijana nikamkalisha mkekani, uso kwa uso na Baba, bila biti wala hedifoni, arap mashairi yake kwa mdomo mtupu. Baba akasikiliza ubeti mzima bila kugusa ngoma. Akamwambia arudie mstari wa kwanza polepole. Kijana akarudia. Baba akabana kamba, akapiga ule mstari. Akapiga tena. Mara ya tatu kijana akaruka kutoka mkekani: "Baba, umesema jina langu!" Ngoma ilikuwa imelitamka, toni kwa toni, na baada ya jina ikaongeza kijisifa alichokibuni mzee mwenyewe.

Hicho kinaitwa take. Watawala wanacho, matajiri wanacho, mabondia wa dambe wanacho. Ni sifa ya mtu iliyofungwa ndani ya mapigo, ikipigwa tu watu hujua nani anaingia. Siku ile kijana wa rap akapata take yake, na mimi nikapata ujanja ninaojivunia kuliko yote. Maprodyuza wote wa siku hizi wana ile sauti ya kujitangaza mwanzo wa wimbo, mtu anataja jina la studio kwa mbwembwe. Nimeitupa. Nyimbo zangu zinaanza na take ya msanii, kalangu peke yake, pumzi moja, ndipo biti inaingia. Kano wimbo ukianza hivyo mtu mzima anageuza shingo, na akishageuza shingo umempata, atasikiliza na rap.

Namna ya kuunganisha baadaye ni hii. Rekodi ya mzee na kijana iache ilivyo, na mwendo wake unaopanda na kushuka. Programu nyingi za kurekodi zina njia ya kuburuta mistari ya mapigo ikafuata rekodi badala ya rekodi kufuata mistari. Ni kazi ya kukera, nakiri inachukua saa nyingi kwa wimbo mmoja, pigo kwa pigo, lakini ukimaliza, ngoma za kompyuta na bezi vinamfuata Baba. Mwanzo wa wimbo wetu uko chini ya 90, mwisho umekaribia 100, na hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika. Wanasema tu wimbo "unapanda". Kijana akarudia sauti yake mwishoni juu ya rekodi iliyokamilika, maana ile ya mkekani ilikuwa imeingiliwa na ngoma. Na Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, weka kwenye kiitikio ukipenda, kwenye beti usithubutu. Toni za Kihausa zikinyooshwa, rap inapoteza makali na pengine maana.

Mambo madogo yaliyonisaidia: mzee akivaa babbar riga, ile kanzu pana, mkono wa nguo unasugua kamba za ngoma na maikrofoni inasikia kila kitu. Mwombe akunje mikono mpaka mabegani. Maikrofoni isielekee katikati ya ngozi, isogeze pembeni kidogo, mgongano wa kijiti utapungua na ile sauti inayoteleza itatoka. Wakati wa harmattan, ule upepo wa vumbi kutoka Sahara, hewa ni kavu, ngozi inakaza na ngoma inapanda sauti, kwa hiyo usirekodi nusu ya wimbo Januari na nusu nyingine msimu wa mvua. Kuhusu kelele, wageni hudhani usiku wa giza ndio mtulivu. Kano ni kinyume. Umeme ukikatika kila nyumba inawasha jenereta. Umeme ukirudi, au NEPA kama watu wanavyoendelea kuuita kwa jina la shirika la zamani, mtaa unanyamaza. Rekodi umeme ukiwepo, hata kama ni saa tisa usiku.

Kiitikio kilikuwa na kisa chake. Vijana walitaka sauti za kike, na walikuwa wameshauriwa wamlipe mwimbaji wa nyimbo za filamu. Mimi nilitaka amada. Huo ni muziki wa wanawake, vibuyu vilivyokatwa nusu vikafudikizwa juu ya maji na kupigwa, na aliyeutangaza kuliko wote ni Barmani Choge, aliyefariki 2013. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi wanawake walioolewa hukaa ndani, na mwanamume wa nje haingii. Prodyuza yeyote wa kiume wa Kano angeishia mlangoni. Mimi niliingia.

Hajiya mwenye nyumba, mama wa mmoja wa vijana, aliwaita wenzake, wakaleta mabeseni. Vijana wakabaki zaure, kile chumba cha kuingilia, pamoja na kompyuta. Nikapitisha waya chini ya pazia mpaka uani, nikaweka maikrofoni moja karibu na ukingo wa beseni, kimo cha kiganja juu ya maji, na nyingine mbele ya waitikiaji. Kijana akawa anarap kutoka zaure kwa sauti ya juu, wanawake wanamsikia kupitia ukutani, wanamjibu. Hawakuonana hata kidogo. Na majibu yao hayakuwa yale aliyowaandikia! Alirap kwamba kijana wa leo hana kazi, wao wakaitikia kwamba kazi ipo, uvivu ndio mwingi. Nikasikia kicheko zaure. Kijana akabadilisha ubeti papo hapo kuwajibu, na huo ndio ubeti tuliouweka kwenye wimbo.

Halafu zile sauti za kibuyu. Niliposikiliza peke yangu usiku, nilikaa wima. Kibuyu kikubwa kikigongwa juu ya maji kinatoa mvumo wa chini, mzito, na juu yake mgongo mkavu wa kibuyu unalia "ko". Maprodyuza wanalipia vifurushi vya sauti za bezi kutoka Marekani na huku kuna beseni! Nikaitoa ile kiki ya kompyuta, lile pigo zito la chini, kwenye kiitikio chote nikaweka kibuyu. Faida nyingine ikajitokeza baadaye. Nyimbo huku zinasambaa simu kwa simu na kwenye vibanda vya kujaziwa memori kadi, na spika ya simu haitoi bezi kabisa. Bezi ya kompyuta inapotea. Kibuyu hakipotei, kwa sababu ule mgongo mkavu unasikika hata kwenye simu ya bei chee. Ndiyo maana sasa namiksi kwenye simu kwanza, spika kubwa baadaye.

Hajiya na wenzake walikubali sauti zitumike, majina yasitajwe, nami nimeheshimu hilo.

Gharama? Studio sikujenga upya. Ukijumlisha nauli za adaidaita sahu, yaani bajaji, goro, chakula cha siku nzima na malipo ya wapigaji, ilikuwa laki kadhaa za naira, na sehemu kubwa ilikwenda mikononi mwa wazee, inavyostahili. Walioniambia ninawalipa kupita kiasi ndio hao hao wanaokata rekodi za marehemu bure.

Hesabu ya mapato tuliiandika. Baba hasomi herufi za Kilatini, lakini anasoma na kuandika ajami, Kihausa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Basi mkataba ukaandikwa ajami, mgawo wa mpigaji, wa msanii, wa waitikiaji na wa kwangu, akausoma mwenyewe kwa sauti, akasahihisha sehemu moja, akatia sahihi. Naomba mtu anayefanya kazi na wapigaji wa namna hii asikubali mkataba ambao mwenye ngoma hawezi kuusoma. Ugomvi wote niliousikia kwa wengine ulianzia hapo.

Sasa tupo kwenye kuntigi, kile kinanda kidogo cha waya mmoja ambacho Dan Maraya Jos, aliyefariki 2015, alikitumia kuimbia watu wa kawaida mpaka akajulikana kila mahali. Ushauri umeshaanza kuja: mwambie mpigaji akaze waya ulingane na kinanda cha kompyuta. Hapana. Waya wake umefungwa kulingana na koo lake, na ukiupandisha anaanza kuimba kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kinachohamishwa ni kompyuta. Nampa apige waya wazi, napima, nashusha au napandisha biti nzima kwa kiasi hicho, na kazi hiyo haichukui hata muda wa maji kuchemka. Tutarekodi baada ya Sallah, umeme ukiwepo.